Usiku Mmoja Bila Watoto Kwenye Mgahawa wa Kifaransa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ambayo wazazi huuliza kila wanapopata, baada ya miezi au hata miaka, jioni moja ya kutoka wawili. Nusu yanahusu chakula na nusu yanahusu nyumbani, na mengi ukiyachimba unakuta ni swali la saa. Mlo wa Kifaransa umetengenezwa uende taratibu. Mzazi aliyemwacha mtoto na yaya ana kila kitu isipokuwa hiyo taratibu. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Kabla ya kuhifadhi meza mgahawani

1. Kwa nini mgahawa wa Kifaransa na si mwingine wowote?

Kwa sababu ni aina ya mgahawa ambao mtoto wa miaka mitatu anaumaliza kwa dakika kumi. Vitambaa vyeupe, glasi zenye shingo nyembamba, chakula kinachokuja kimoja kimoja huku kukiwa na kusubiri katikati: vyote hivyo ni adui wa mtoto, na vyote ndivyo mzazi alivyovikosa. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Kifaransa wa kusherehekea kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Maelezo yake yanataja kinywaji cha kufungulia, kisha walau vyakula vinne kwa kufuatana, yaani cha kuanzia, samaki au nyama na mboga zake, jibini, halafu kitindamlo, na kinywaji cha kufungia. Jaribu hayo ukiwa na mtoto mapajani.

Kama nyinyi wawili hampendi siagi, krimu wala kukaa kitini muda mrefu, nendeni kwingine bila aibu.

2. Mlo wenyewe unachukua muda gani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa, na ndilo watu husahau kuliuliza. Ukiagiza vyakula viwili, hesabu dakika 90. Vitatu, dakika 120 hadi 150. Menyu ya kuonja, ile inayoitwa dégustation yenye visahani saba au zaidi, inaweza kupita dakika 180 kwa urahisi, na huwezi kuiambia jikoni iharakishe kisahani cha sita.

Ucheleweshaji huo si uzembe. Zamani meza za wakubwa wa Ufaransa zilijazwa vyakula vingi kwa mpigo, kila mtu akajihudumia kilichokuwa karibu. Katika karne ya 19 ukaenea mtindo uliopewa jina la Urusi: chakula kimoja kinaletwa, kinaliwa, kinaondolewa, ndipo kinachofuata kinapikwa au kupambwa. Mgahawa wa Kifaransa wa leo bado uko hapo. Hakuna anayeanza kukaanga samaki wenu kabla hamjaweka uma chini.

Kwa hiyo pangeni jioni kwa kurudi nyuma. Tuseme yaya lazima aondoke saa tano usiku. Ondoeni dakika 30 za njia na dakika 15 za kumsikiliza akieleza nani alikataa kupiga mswaki. Hiyo inawafikisha saa nne na robo, mkiwa mlangoni mwa mgahawa na koti mkononi. Bili iombwe saa nne kasorobo (sababu iko swali la 18). Kitindamlo kiwe mezani saa tatu na robo. Kwa vyakula vitatu, basi, muwe mmekaa saa moja na nusu, si saa mbili na nusu kama watu wasio na watoto. Niliwahi kukosea hesabu hii. Tuliila crème brûlée kwa vijiko vikubwa kama watu wanaokimbia mvua.

3. Bistro, brasserie na restaurant vinatofautianaje?

Bistro ni mgahawa mdogo, menyu fupi, vyakula vya nyumbani vilivyochemka muda mrefu. Brasserie asili yake ni mahali pa kutengenezea bia. Ni kubwa, ina kelele ya kupendeza, na kwa kawaida jiko lake hufanya kazi muda mrefu zaidi wa siku. Restaurant gastronomique ndiyo ile ya vitambaa vilivyopigwa pasi na mpishi mwenye jina. Nje ya Ufaransa majina haya hubandikwa ovyo, kwa hiyo angalieni menyu kuliko kibao.

Kwa usiku wa kwanza baada ya muda mrefu, chagueni bistro. Mhudumu haoni ajabu mkimaliza mapema, na hakuna atakayewasimulia historia ya karoti.

4. Je, twende kwenye mgahawa wenye nyota za Michelin?

Si mara ya kwanza. Kitabu cha Michelin kilianza mwaka 1900 kama zawadi ya kampuni ya matairi kwa wenye magari. Nyota zilikuja mwaka 1926, na daraja za moja, mbili na tatu mwaka 1931. Maana yake ilikuwa ya barabarani: moja ni mgahawa mzuri sana wa aina yake, mbili unastahili kuacha njia yako kidogo, tatu unastahili safari yenyewe. Nyinyi hamko safarini. Mna muda wa saa nne au tano tu, na nyota mara nyingi humaanisha menyu ya kuonja. Kitabu hichohicho, tangu 1997, kina alama nyingine iitwayo Bib Gourmand kwa migahawa mizuri ya bei ya wastani. Hiyo ndiyo ya wazazi.

5. Lazima iwe usiku?

Hapana, na nashangaa watu wanavyong'ang'ania. Migahawa mingi ya Kifaransa huuza mchana menyu ya bei moja, ya vyakula viwili au vitatu, kwa pesa pungufu ya ile ya usiku, kutoka jiko lilelile. Kama watoto wako shule au chekechea, hamhitaji yaya hata kidogo. Mnahitaji ruhusa ya kazini. Na mchana mzazi hasinzii mezani (swali la 20). Ubaya wake ni kwamba mchana hauna ile ladha ya kutoroka.

6. Tuseme nini tunapopiga simu kuhifadhi meza?

Semeni mambo matatu: mko wawili, mzio au makatazo ya chakula, na saa ambayo lazima muwe mmeondoka. Hilo la tatu watu huona haya kulisema, lakini jiko linalifurahia, kwa kuwa meza inayojulikana itaachwa saa nne inaweza kupewa wengine. Ulizeni pia kama meza ina kikomo cha muda. Baadhi ya migahawa hugawa usiku mara mbili, na zamu ya kwanza ndiyo yenu.

Mkiahirisha, pigeni simu hata kama imebaki nusu saa. Meza tupu ya watu wawili katika bistro yenye meza kumi na mbili ni hasara inayoonekana.

## Nyumbani kabla ya kutoka

7. Nani akae na watoto, na tumwachie maelezo gani?

Mtu ambaye mtoto amekwisha kumzoea. Usiku wa kutoka si usiku wa kumjaribu yaya mpya. Kama hakuna budi, mlete siku moja kabla akae na mtoto nyinyi mkiwepo, mkikunja nguo chumba cha pili.

Maelezo yawe ukurasa mmoja, kwa mkono, ubandikwe jikoni: mtoto anakula nini na hali nini, analala na kitu gani, dawa kama ipo na kipimo chake, jina na simu ya mgahawa, na simu ya mtu mzima aliye karibu kuliko nyinyi. Mama mmoja alinionyesha karatasi yake ya kurasa nne. Yaya hakuisoma hata moja. Andikeni pia saa mtakayorudi na jinsi yaya atakavyofika kwake usiku huo, kwani hilo ni juu yenu, si juu yake.

8. Tumuage mtoto, au tutoroke akiwa anacheza?

Muageni. Kuanzia umri wa miezi minane hivi, watoto wengi huingia kipindi cha kulia mzazi anapoondoka, na kinaweza kuendelea hadi mwaka wa pili. Mkitoroka, anachojifunza ni kwamba mnaweza kupotea wakati wowote, na kesho atawafuata hadi chooni. Kumuaga kuwe kufupi: busu, "tunarudi ukiwa umelala", mlango. Mkirudi kumbembeleza mara ya pili mmeanza upya kilio chote. Yaya afike nusu saa kabla ya nyinyi kuondoka ili mkono wa kumpokea uwe tayari umezoeleka.

9. Ni bora alale kabla hatujatoka?

Kwa mtoto mchanga anayelala mapema, inavutia, lakini ina mtego: akizinduka usiku akamkuta mtu asiyemtarajia, hofu huwa kubwa kuliko ile ya kuagwa. Akiwa na umri wa kuelewa, mwambieni mapema kwamba ataamka na kumkuta fulani. Tena kungoja alale ndiko kunakowachelewesha watu wengi. Watoto wana pua ya kunusa manukato ya kutoka.

10. Simu iwe wapi?

Moja tu, ya mmoja wenu, juu ya kiti au mfukoni, imenyamazishwa kwa kila namba isipokuwa ya yaya na ya nyumbani. Ya pili izimwe. Kubalianeni na yaya kwamba kupiga ni kwa jambo la kweli na ujumbe ni kwa mengine: ujumbe mmoja mtoto akishalala, basi.

Msipige simu ya video kumtakia usiku mwema. Mtoto aliyekuwa ametulia akiona uso wa mama kwenye kioo huanza kuutafuta nyuma ya simu.

## Menyu na meza

11. Menyu imejaa Kifaransa. Tuanzie wapi?

Na neno lenyewe. Kwa Wafaransa, orodha nzima ya vyakula ni carte; "menu" ni mpango wa bei moja wenye vyakula vilivyokwisha kupangwa, na formule ni mpango mfupi zaidi, mara nyingi vyakula viwili. Entrée ni chakula cha kuanzia, yaani mlango wa mlo. Kuna mtego hapo: Marekani wamelichukua neno hilo wakaliita chakula kikuu, na migahawa yenye wageni wengi huchanganya. Plat ndicho chakula kikuu, na plat du jour ni chakula cha siku hiyo, kwa kawaida kiko tayari au karibu tayari. Mkiwa na haraka, hicho.

Kikija kitu kidogo ambacho hamkukiagiza, cha kumeza mara moja, hicho ni amuse-bouche. Hakilipiwi. Mhudumu si mwalimu wa lugha anayesahihisha mtihani. Mwelekezeeni kidole mstari na mumuulize ni kitu gani.

12. Tuagize nini ambacho hakitatuangusha?

Confit de canard (soma: konfi de kanar). Ni paja la bata lililotiwa chumvi, likapikwa polepole ndani ya mafuta yake lenyewe, kisha likakaushwa ngozi mpaka inavunjika. Nyama inaachia mfupa, imeiva kabisa, na jiko huwa limekwisha fanya kazi kubwa tangu jana, kwa hiyo haichelewi. Ikija na viazi vilivyookwa kwa krimu na kitunguu saumu, viitwavyo gratin dauphinois, msiagize kingine cha krimu usiku huo.

Kwa anayetaka samaki, sole meunière: samaki aliyepakwa unga kidogo, akakaangwa kwenye siagi, akamalizwa kwa ndimu na kotimiri ya Ulaya. Kwa kuanzia, supu ya vitunguu iliyofunikwa mkate na jibini, ingawa inashibisha kuliko mnavyodhani. Kwa kumalizia, tarte Tatin, ambayo ni mkate mtamu wa matofaa uliookwa kichwa chini.

Soufflé ni hadithi nyingine. Huinuka kwa hewa iliyo ndani ya ute wa mayai uliopigwa, na hushuka dakika chache baada ya kutoka jikoni, kwa hiyo haiwezi kutengenezwa mapema. Ndiyo maana mhudumu huuliza mwanzoni mwa mlo kama mtaitaka. Semeni ndiyo mwanzoni au msahau. Kuiagiza saa tatu na nusu ni kumwongezea yaya zaidi ya dakika ishirini.

13. Majina gani yanawadanganya watu?

Ris de veau. Si wali. Wali ni riz, na yote mawili hutamkwa "ri". Ris ni tezi laini ya ndama, iliyo karibu na koo na kifua, na wapenzi wake huilipia sana. Niliiagiza nikitarajia wali wa ndama. Nikala yote kwa sababu ya aibu, na sikujuta, lakini afadhali ningejua.

Andouillette ni soseji ya matumbo, kwa kawaida ya nguruwe, na harufu yake hutangulia sahani. Tartare ya ng'ombe ni nyama mbichi iliyokatwakatwa, mara nyingi na kiini kibichi cha yai juu. Boudin noir ni soseji ya damu. Cervelle ni ubongo. Cuisses de grenouille ni mapaja ya chura, na escargots ni konokono, ambao kwa ukweli wana ladha ya siagi na kitunguu saumu kuliko kitu kingine chochote.

14. Mhudumu anauliza nyama ipikwe vipi. Tujibuje?

Kuna ngazi nne: bleu, iliyoguswa moto nje tu, saignant, yenye damu, à point, katikati, bien cuit, iliyoiva. Kipimo cha Kifaransa huelekea ubichi, kwa hiyo à point yao ni nyekundu kuliko "katikati" ya kwingine. Ukitaka isiyo na wekundu, sema bien cuit na usiombe radhi. Kifua cha bata, magret, huletwa cha waridi ndani bila hata kuulizwa. Asiyeweza kukitazama arudi kwenye confit ya swali la 12.

15. Hatuli nguruwe na hatutaki pombe, hata kwenye mchuzi. Inawezekana?

Inawezekana, ila kwa kuuliza, kwa kuwa vyote viwili hujificha. Nguruwe hujificha kwa jina la lardons, vipande vidogo vya nyama yenye mafuta vinavyotupwa kwenye saladi, kwenye quiche Lorraine na kwenye michuzi. Jambon (paja la nguruwe), rillettes na pâté (nyama laini za kupaka mkate), cassoulet (maharagwe yaliyopikwa na nyama): ulizeni kila moja. Mvinyo uko waziwazi kwenye coq au vin (kuku) na bœuf bourguignon (ng'ombe), lakini uko pia kwenye kome wa marinière, kwenye sosi ya beurre blanc inayomwagiwa samaki, na mara nyingi kwenye supu ya vitunguu.

Kuna wanaosema pombe "inaungua yote". Si kweli. Kwa vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichowashwa moto juu, kama crêpes Suzette, hubaki na asilimia 75 hivi ya pombe yake. Kilichochemka dakika 15 baada ya kutiwa pombe, asilimia 40. Saa nzima, 25. Hata baada ya saa mbili na nusu hubaki 5. Anayekwepa kwa sababu ya dini au kwa sababu ya kuacha kunywa anastahili jibu hilo, si la kufarijiwa.

Vilivyo rahisi: sole meunière, ratatouille (mchanganyiko wa mboga), kimanda, saladi ya jibini ya mbuzi iliyotiwa moto (isiwe na lardons), saladi niçoise yenye jodari na mayai. Kwenye vitindamlo, jihadharini na keki iitwayo baba, iliyoloweshwa ramu, na muulize kuhusu jelatini kwenye vile vinavyotetemeka. Kama mnataka nyama iliyochinjwa kwa njia fulani, ulizeni kwenye simu (swali la 6), si mezani.

16. Mvinyo: nifanyeje nikimiminiwa kidogo na watu wote wananitazama?

Unaulizwa jambo moja tu: je, chupa imeharibika? Inuse. Ikinuka kadibodi iliyolowana au ukungu wa stoo, kizibo kimeichafua na unayo haki ya kuirudisha. Kama haina kasoro, itikia kwa kichwa. Huulizwi kama unaipenda.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita za mililita 125. Kwa wazazi wawili ambao hawajanywa muda mrefu na wataamshwa alfajiri na mtu mwenye nguvu zake zote, sita ni nyingi. Agizeni kwa glasi. Na anayeendesha gari asinywe.

17. Vipi kuhusu mkate, jibini na adabu nyingine?

Mkate hukatwa kwa mkono na huwekwa juu ya kitambaa cha meza, pembeni ya sahani. Kutokuwa na kisahani chake si kosa la mhudumu. Msiumalize kabla ya chakula. Kisu na uma vikilazwa sambamba, sahani itaondolewa, vikiachana, itabaki.

Jibini huja kabla ya kitindamlo. Kipande chenye umbo la pembe tatu hukatwa kwa urefu ili kila mtu apate katikati na ganda. Kukata ncha peke yake ni kujipendelea. Kahawa huja baada ya kitindamlo, si pamoja nacho. Wenye haraka wanaweza kuuliza café gourmand, kahawa inayoletwa na vitindamlo vidogo vidogo kwenye sahani moja. Sijui aliyeibuni, ila nahisi alikuwa na yaya anayemsubiri.

18. Tumemaliza kula zamani. Mbona bili haiji?

Hawataileta mpaka muiombe. Kwa desturi ya Kifaransa, kuleta bili isiyoombwa ni kumfukuza mgeni. Semeni "l'addition, s'il vous plaît", au mumtazame mhudumu mkichora hewani kama mnaoandika. Ombeni mapema, hata kahawa ikiwa bado ya moto.

Bakshishi: nchini Ufaransa bei za menyu tayari zina huduma ndani yake, na kinachoachwa mezani ni shukrani. Nchi nyingine zina taratibu zake; fuateni ya pale mlipo.

## Nyinyi wawili

19. Turuhusu mazungumzo ya watoto?

Ushauri unaozagaa ni kupiga marufuku. Nimeujaribu. Tulikaa kama watu wawili kwenye usaili wa kazi, kila mmoja akitafuta habari za dunia, na ilipofika dakika ya nane tukaanza kucheka na kuzungumzia meno ya mtoto.

Ninaloliamini sasa ni hili: waacheni watoto waje mezani mpaka chakula cha kuanzia kifike. Malizeni habari za shule, za kikohozi, za nani ananunua viatu. Sahani ya kwanza ikishuka, wanaondoka. Hawataondoka wote, bila shaka, lakini mtakuwa mmetoa yale ya dharura na yaliyobaki yatakuwa hadithi, si vikao.

Kisha kuna kimya. Wengi wanaandika wakiwa na hofu: "Tulikaa kimya dakika tano, je, tumekwisha?" Dakika tano za kimya mbele ya chakula kizuri, bila mtu kuvuta shati lako, ni sehemu ya mlo. Kama kimya kinauma kweli, ulizaneni kitu ambacho majibu yake hamyajui: kazini anamkwepa nani siku hizi, au chumba gani cha nyumba angekichoma moto kama isingekuwa hatia. Madeni, mama mkwe na kama mzae mwingine visubiri siku nyingine. Mlo wa saa mbili hautoshi, na meza za bistro ziko karibu karibu.

20. Tunasinzia. Ni kawaida?

Kawaida kabisa. Mmekaa, kuna mwanga hafifu, hakuna anayewaita. Mwili unadhani umefika kitandani. Neno restaurant lenyewe, Paris ya karne ya 18, lilikuwa jina la mchuzi mzito wa nyama uliouzwa kuwarudishia nguvu waliochoka, kabla halijawa jina la mahali. Mko mahali panapowafaa.

Kuleni kitu kidogo saa kumi jioni msije mkajaza njaa kwa mkate. Ruka krimu mbili mfululizo. Na kama saa tatu mmoja ameanza kuinamia sahani, rukeni jibini, gawaneni kitindamlo kimoja kwa vijiko viwili, nendeni zenu. Hakuna mhudumu anayekasirikia vijiko viwili.

## Mambo yakienda kombo

21. Nanyonyesha. Naweza kunywa glasi moja?

Kutokunywa ndiyo njia salama kabisa. Anayechagua kunywa, ushauri wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa ni kusubiri walau saa mbili baada ya kinywaji kimoja cha kawaida kabla ya kunyonyesha. Viwili, muda unaongezeka. Kukamua na kumwaga hakuharakishi pombe kutoka: maziwa husafika damu inaposafika. Kwa hiyo nyonyesha kabla ya kutoka, acha maziwa yaliyokamuliwa kwa yaya, na kunywa glasi hiyo mapema na chakula.

Tatizo linaloshtua zaidi ni matiti kujaa katikati ya mlo. Beba pedi za akiba, na blauzi yenye maua itaficha kuliko hariri ya rangi moja.

22. Mimi ni mjamzito. Niache nini?

Pombe, nyama mbichi (tartare, magret ya waridi), chaza wabichi, jibini laini za maziwa yasiyochemshwa, pâté, na sosi au mousse zenye mayai mabichi. Ukiacha pombe, sababu ni vijidudu kama listeria na toksoplazma. Orodha ni ndefu kwa mgahawa wa Kifaransa, lakini kinachobaki kinatosha: jibini ngumu kama Comté, confit, samaki aliyeiva, tarte Tatin. Mweleze mhudumu tangu mwanzo. Jiko hupokea ombi hilo kila wiki.

23. Yaya ameghairi saa moja kabla. Twende na mtoto?

Pigeni simu mgahawani na muulize kwa uwazi. Baadhi watawakaribisha saa kumi na mbili na nusu, wengine watawashauri mchana wa Jumapili. Msitokee tu naye. Wale wa meza ya pili huenda nao wamelipa yaya.

Mkikubaliwa, mpango wote hubadilika: vyakula viwili, plat du jour, dakika 60, na huo tena si usiku unaozungumziwa hapa. Wekeni mwingine kabla hamjalala.

24. Mtoto ameanza kuchemka mchana wa siku hiyo.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi anapelekwa hospitali, si kwa yaya. Mkubwa zaidi, mtazameni yeye kuliko kipimo: anacheza na kunywa maji, au amelegea? Mkiwa na shaka ahirisheni, maana mtakaa mezani mkiitazama simu, na hapo hata confit inakuwa karatasi.

25. Namlea mtoto peke yangu. Hili linanihusu?

Linakuhusu bila kupunguza chochote. Nenda na rafiki, dada, au wewe mwenyewe. Meza ya mtu mmoja kwenye bistro ni jambo la kawaida. Kaa kaunta kama ipo, agiza vyakula vitatu na uache kitabu nyumbani walau mpaka chakula kikuu. Hesabu ya saa ni ileile ya swali la 2, ila mtu mmoja hula haraka zaidi, kwa hiyo punguza nusu saa.

26. Yaya amepiga simu, lazima turudi, na chakula kikuu ndiyo kwanza kimeletwa.

Mmoja anasimama kuzungumza na yaya nje, mwingine anaomba bili na kifungashio kwa pumzi moja. Ufaransa, tangu Julai 2021, mgahawa unatakiwa na sheria kumpa mteja chombo cha kubebea akiomba. Kwingineko wengi hukubali. Confit hupashwa moto vizuri kwenye oveni. Samaki hapashwi vizuri, mleni mkiwa mmesimama.